Ini Halikandwi

Mwenye kisukari anayefundishwa yoga mara nyingi huambiwa kwamba mikao ya kujikunja na kujipinda hukanda ini na kongosho, na kwamba huko kukandwa ndiko kunakoviamsha viungo hivyo. Husemwa kana kwamba ni neno la wahenga wa India. Sivyo. Kwa sehemu kubwa ni zao la mwanzo wa karne ya 20, la watu waliotaka yoga isimame mbele ya madaktari bila aibu, wakatumia vipimo walivyokuwa navyo. Kazi yao ilikuwa ya heshima. Hata hivyo, vipimo hivyo vilituachia picha potofu ya ini, na mpaka leo wagonjwa wanailipia.

Chimbuko la habari hii ni Lonavla, mji wa vilimani kati ya Mumbai na Pune, ambako mmoja wa watu hao, Swami Kuvalayananda, alianzisha taasisi ya Kaivalyadhama mwaka 1924 na kuanza kuchapa jarida la Yoga Mimamsa. Mwalimu wake alikuwa Madhavdas, yuleyule aliyemfundisha Yogendra, mwalimu mwingine wa yoga, ambaye alikuwa ametangulia kufungua taasisi yake Mumbai mwaka 1918. Kuvalayananda alishughulishwa na zoezi moja la kale: yogi huchuchumaa ndani ya maji, huvuta tumbo lake, na maji hupanda utumboni kupitia njia ya haja kubwa bila kusukumwa na chochote. Ni nguvu gani inayoyavuta? Alimpitishia mtu mrija uliounganishwa na kipimo cha zebaki, akamwambia avute tumbo vivyo hivyo. Zebaki ikaonyesha kwamba shinikizo ndani ya utumbo limeshuka chini ya lile la hewa ya nje. Utumbo haukuwa umenyonya maji. Misuli ilikuwa imetengeneza ombwe, naye akaliita ombwe hilo kwa jina la mwalimu wake. Ulikuwa ugunduzi wa kweli, uliofanywa kwa uangalifu. Lakini kutoka hapo haikuwa safari ndefu kufikia dai kwamba shinikizo linalopanda na kushuka tumboni ni tiba ya kila kiungo kilichomo. Kilichopimika kilikuwa shinikizo, basi shinikizo likageuka kuwa dawa.

Ini si donge la unga. Katika mwaka 1848, huko Ufaransa, mwanasayansi Claude Bernard alikuta sukari katika damu inayotoka kwenye ini la mnyama aliyelishwa nyama tupu. Mwaka 1857 akaitenga glaikojeni, akiba ambayo ini huiweka na baadaye kuigeuza kuwa sukari. Kumbe ini ni ghala, na mlango wake hufungwa na kufunguliwa na homoni. Kwa mwenye kisukari cha aina ya 2, insulini hubisha hodi na ini halisikii: linaendelea kumwaga sukari usiku, mgonjwa amelala na hajala kitu, huku mafuta yakijazana matone kwa matone ndani ya seli zake. Tone lililo ndani ya seli halitoki kwa kubinywa. Hupungua pale misuli mikubwa ya mapaja na mgongo inapofanya kazi, ikafyonza sukari ya damu, na mwili ukala akiba yake. Tafiti za mazoezi zimeonyesha mafuta ya ini yakipungua hata uzito unapobaki karibu palepale. Ukipungua kwa asilimia 7 hadi 10, uvimbe wa ini lenyewe hutulia kwa wagonjwa wengi.

Atasema mtu: mbona vitabu vya kale vinataja tumbo? Ni kweli. Hatha Yoga Pradipika, cha karne ya 15, kinausifu mkao wa tausi, ambao mtu huubeba mwili mzima juu ya viwiko vilivyokita tumboni, kuwa huondoa maradhi ya tumbo. Ila kitabu hicho kinazungumzia moto wa kusaga chakula, wala hakijui habari ya ini na sukari. Mwingine atauliza: sukari ikishuka, maelezo yana kazi gani? Majaribio kadhaa yameonyesha kweli kwamba yoga hushusha sukari kiasi kwa wanaoendelea na dawa zao, ingawa mengi ni madogo na ushahidi kuhusu ini bado ni mwembamba. Maelezo yana kazi kubwa. Anayeamini kukandwa atajipinda mara mbili tatu akiwa ameketi mkekani, aridhike. Anayejua habari ya misuli atasimama, atainama na kuinuka mpaka jasho limtoke, wala hataviweka vidonge kando.

Na sehemu hiyo ya jasho ina historia yake. Surya namaskar, mfululizo wa kuinama na kuinuka uliozoeleka katika madarasa ya yoga, ulienezwa miaka ya 1920 na Raja (mtawala) wa Aundh huko India, Bhawanrao Pant Pratinidhi, kama mazoezi ya viungo. Wakati huo haukuhesabiwa kuwa yoga. Tukirudi nyuma zaidi tunakuta Sushruta Samhita, kitabu cha tiba chenye zaidi ya miaka 1,500, kinachoujua vizuri ugonjwa wa mkojo mtamu kama asali. Hakikumwagiza mgonjwa akae mkao wowote. Mwenye uwezo aliambiwa apigane mieleka, apande wanyama, atembee. Maskini asiye na ndugu aliambiwa ashike njia ndefu kwa miguu mitupu akiomba chakula, au achimbe kisima.