Maradhi ya Kifua Yaliyowafuata Askari na Wapagazi wa Vita vya 1914–1918

Shabaha yangu ni kuwaelezeni habari za maradhi ya kifua na ya pua yaliyowapata watu wetu waliovuka bahari kwenda vitani katika miaka 1914 hadi 1918. Watu wengi wakisikia neno vita hufikiri risasi na mizinga. Lakini katika vita vile vya Afrika Mashariki maradhi yaliua watu wengi mno kuliko silaha. Na pamoja na malaria na kuhara damu, maradhi ya kifua yalichukua sehemu kubwa. Nataka kuonyesha ya kuwa mtu aliyekufa kwa kichomi katika safari ya jeshi alikufa vitani sawasawa na yule aliyepigwa risasi, wala hafai kusahauliwa kwa sababu mwili wake haukuwa na jeraha.

Vita vilifika Unguja mapema. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilitokea mbele ya bandari yetu ikaipiga manowari ya Kiingereza, Pegasus, ambayo ilikuwa imetia nanga hapo ili mitambo yake itengenezwe. Mabaharia 38 wa Pegasus walikufa, na baadhi yao wamezikwa katika kisiwa cha Chapwani, kisichokuwa mbali na Mji. Makaburi yao yaonekana hata leo. Basi twajua siku waliyopigwa, twajua idadi yao, na mahali walipolala twapajua. Shikeni habari hiyo, kwa maana nitawataka mwilinganishe na habari za watu wengine.

Watu hao wengine ni wapagazi. Vita vya bara havikuwa na barabara njema. Farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota walikufa kwa mbung'o, na magari yalizama katika matope kila mvua iliponyesha. Kwa hiyo unga, risasi, dawa, mahema, hata vipande vya mizinga, vilichukuliwa vichwani mwa watu. Kila askari mmoja alihitaji wapagazi kadhaa nyuma yake ili apate kula na kupigana. Kwa pande zote mbili, watu waliotumikia kazi hiyo wakadiriwa kufika karibu milioni moja. Wengine walikwenda kwa hiari yao kwa ajili ya mshahara, na wengine wengi walikamatwa wakapelekwa kwa nguvu. Jina la mtaa wa Kariakoo katika Dar es Salaam ni kumbukumbu yao, kwa kuwa latokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, waliokuwa na kambi yao mahali pale.

Unguja nayo ilitoa watu. Katika mwaka 1916 Frank Weston, Askofu wa Unguja wa misheni ya UMCA, alikusanya kikosi cha wapagazi wa visiwani, akavuka nao mpaka mrima, akaandamana nao kwa miguu badala ya kuwaacha mikononi mwa wageni. Na katika mwaka 1917 askari wa Unguja na wa Mafia waliunganishwa kuwa kikosi cha 7 cha King's African Rifles, yaani KAR. Kwa mtu wa bara huenda safari hiyo ikawa ni kutoka wilaya moja kwenda nyingine. Kwa mtu wa kisiwani ilikuwa ni kupanda chombo, kuliacha pwani la kwao nyuma, na kuingia katika nchi yenye hewa nyingine.

Neno hilo la hewa ndilo lenye asili ya maradhi haya, nami napenda wanafunzi walifahamu vizuri. Pua haikuumbwa kwa ajili ya kunusa tu. Hewa ipitapo puani hupashwa moto, hutiwa unyevu, na vumbi lake hunaswa na utelezi na vinyweleo. Nyuma ya paji la uso na nyuma ya mashavu mna mapango madogo ndani ya mifupa, nayo yameungana na pua kwa vitundu vyembamba. Utelezi wa mapango hayo hutoka kwa njia ya vitundu hivyo. Mtu akivuta vumbi na moshi siku baada ya siku, au akipatwa na mafua yasiyopona, vitundu huvimba vikazibika, uchafu ukabaki ndani ukageuka usaha. Hapo huja makamasi mazito, harufu mbaya puani, na maumivu ya paji la uso yanayozidi mtu ainamapo. Wazee huyataja maumivu ya namna hiyo kwa jina la kipandauso.

Sasa wafikirieni watu mia tano wakienda kwa mstari mmoja katika njia kavu ya kiangazi, kila mmoja akivuta vumbi la miguu ya aliye mbele yake. Jioni hulala wamebanana kando ya moto wa kuni mbichi ili wapate joto, wakavuta moshi usiku kucha. Katika vita vya pili vikosi vya kazi vya watu wa Afrika Mashariki vilipelekwa mpaka Misri na nchi za jirani, wakakutana na vumbi jembamba la jangwa. Maradhi ya pua ya namna hiyo hayaui upesi, lakini huweza kudumu miezi na miaka, hata mtu akarudi kwao, silaha zimekwisha kuwekwa, naye kichwa chake bado kinamwuma.

Kichomi ni jambo zito zaidi, kwa kuwa huingia katika mapafu yenyewe. Mtu hushikwa na baridi ya ghafula, kisha homa kali, kikohozi, na maumivu ya kuchoma ubavuni kila avutapo pumzi. Nayo ndiyo asili ya jina lake. Vijidudu vyake huweza kukaa kooni mwa mtu mwenye afya bila ya kumdhuru, vikamshinda hapo nguvu za mwili wake zipunguapo. Na katika vita vile kila jambo la kupunguza nguvu lilikuwapo. Hapa kwetu hata mwezi wa Julai mtu aweza kulala kwa shuka moja. Bali katika nchi ya Njombe, katika mwezi huo huo, umande huweza kuganda juu ya majani alfajiri. Mtu wa pwani alipelekwa kwenye nchi za baridi akiwa na blanketi moja, na mara nyingi blanketi hilo lilikuwa limelowa. Chakula chake kilikuwa unga wa mahindi, ambao wengi hawakuuzoea, na tena hawakupata nafasi ya kuupika ukaiva. Tumbo likaharibika, mwili ukakonda, na kifua kikakosa kinga.

Mwanzoni mwa mwaka 1917 mvua zilinyesha kupita kiasi, bonde la Rufiji likageuka ziwa, na majeshi yakabaki katika maji na njaa. Dawa ya kuua vijidudu vya kichomi haikuwapo. Dawa za jamii ya salfa zilianza kutumika karibu na mwisho wa miaka ya 1930, na penisilini ikafuata katika miaka ya 1940. Kabla ya hapo tiba ya kichomi ilikuwa ni kitanda kikavu, joto, chakula chepesi na mtu wa kumwuguza mgonjwa. Mpagazi njiani alikosa yote manne. Wakubwa wengine waliona hatari hiyo: Oscar Watkins, aliyesimamia wapagazi wa upande wa Waingereza, aliteta sana juu ya chakula chao na namna walivyotendewa. Baadaye chakula kilitengenezwa na hospitali zikaongezwa, lakini maelfu walikuwa wamekwisha kufa.

Kisha vita vilipokaribia mwisho likaja pigo la mafua makali ya mwaka 1918, yaliyoitwa ya Kihispania ingawa hayakuanzia Hispania. Mafua hayo yalisafiri pamoja na majeshi. Katikati ya Agosti 1918 manowari ya Kiingereza, Mantua, ilifika Freetown katika Sierra Leone ikiwa na wagonjwa, na mji ule ukaambukizwa. Meli mbili, Jaroslav na Veronej, zilizokuwa zikiwarudisha kwao watu weusi wa Afrika Kusini waliofanya kazi ya jeshi katika Ulaya, zilipitia Freetown, nazo zikafika Cape Town katika mwezi wa Septemba. Wagonjwa waliwekwa kando. Wengine, walioonekana wazima, waliruhusiwa kupanda magari ya moshi kwenda kwao, na baada ya siku chache Cape Town ilikuwa ikizika watu kwa mamia. Katika Afrika Kusini yote watu wapatao 300,000 wakadiriwa kuwa walikufa.

Huku kwetu mafua yalishuka Mombasa kwa meli zilizotoka Bombay katika Septemba hiyo hiyo, yakafuata reli kwenda bara na vyombo vya bahari kwenda pwani na visiwani. Unguja haikuokoka. Jenerali von Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini huko Abercorn, mji uitwao sasa Mbala, tarehe 25 Novemba 1918, askari wake na wapagazi wao nao walikutwa na mafua katika makambi walimokusanywa. Watu waliookoka risasi miaka minne walikufa vita vimekwisha.

Kwa nini mafua yaue watu wenye nguvu? Jibu lilipatikana polepole. Kirusi cha mafua kilipatikana kwa binadamu katika mwaka 1933, huko London. Na katika mwaka 2008 wataalamu wa Marekani walichunguza vipande vya mapafu ya askari waliokufa 1918, vilivyokuwa vimehifadhiwa. Waliona ya kuwa wengi walimalizwa na kichomi kilichofuata mafua. Kirusi kilibomoa ngozi laini ya njia ya hewa pamoja na vinyweleo vyake vinavyofagia uchafu, kisha vijidudu vya kichomi vikaingia bila ya kuzuiwa, kama wezi waingiavyo katika nyumba iliyovunjwa mlango na wengine. Kwa hiyo msongamano wa kambi na meli, ubovu wa chakula na uchovu wa safari ulitengeneza njia ya mauti kwa muda mrefu kabla ya mafua yenyewe kufika.

Sasa turudi katika hesabu. Vitabu vya serikali ya Kiingereza viliandika zaidi ya wapagazi 40,000 waliokufa katika vita hivi. Wanahistoria wa leo waona hesabu hiyo ni ndogo mno, nao hukadiria karibu 100,000 kwa upande wa Waingereza peke yake. Kumbukeni makaburi ya Chapwani niliyoyataja. Wapagazi walio wengi hawakupata kaburi lenye jina, na mishahara ya wengi waliokufa haikudaiwa na mtu, kwa sababu majina yao na vijiji vyao havikuandikwa sawasawa. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 ni ya askari mmoja mwenye bunduki. Katika ile ya Nairobi, ya mwaka 1928, mpagazi naye amewekwa. Katika mwaka 2021 tume ya Kiingereza inayotunza makaburi ya vita ilikiri ya kuwa watu weusi waliokufa katika vita hivyo hawakupewa heshima sawa na wengine, ikaomba radhi.

Yako mafunzo mawili katika habari hizi. La kwanza ni la afya. Katika vita vya pili, watu wa Afrika Mashariki walipokwenda Burma mwaka 1944, walikuwa na nguo, waganga, dawa za salfa, na ndege za kuwachukua wagonjwa. Na ingawa mvua na malaria viliwasumbua sana, hawakufa kwa maradhi kwa kiasi cha wale wa 1917. Tofauti ililetwa na matunzo zaidi kuliko nguvu za mwili wa mtu. Vivyo hivyo nyumbani: chumba kipitacho hewa, jiko la moshi lisilo ndani ya chumba cha kulala, chakula cha kutosha, na kumpeleka mgonjwa hospitali siku ya kwanza aonapo uzito wa pumzi au maumivu ya ubavu. Wazee walisema, mficha maradhi kifo humfichua. Mtu aliyetoka safari akiwa na mafua asione haya kukaa mbali na wenziwe siku chache. Mwaka 2020 dunia nzima ilikumbushwa jambo hilo na korona.

La pili ni juu ya kumbukumbu. Hapana mtu aliye hai leo aliyebeba mzigo katika vita vile, lakini katika nyumba nyingi za Unguja na mrima huenda yakawako maneno machache yaliyobaki: fulani alikwenda Kariakoo asirudi, fulani alirudi akikohoa akafa baada ya mavuno. Maneno kama hayo ni historia. Wanafunzi, waulizeni bibi na babu zenu kabla hawajaondoka, mkaandike jina la mtu, kijiji chake, mwaka ikiwa wajulikana, na maradhi yaliyomwua. Andikeni hata kama habari yenyewe ni ya mstari mmoja. Walimu nao wakusanye karatasi hizo wazihifadhi shuleni, ili pale ambapo hapakuchongwa jiwe pawe japo na daftari lenye majina.