Kijiti cha Njia: Reli ya Ngara na Suala la Kuongoza Treni

Magharibi ya Mkoa wa Kagera, hapo mto Ruvuvu uingiapo katika mto Kagera, juu kidogo ya maporomoko ya Rusumo, pana reli iliyokwisha chorwa mara nyingi wala haijajengwa. Wadachi waliichora kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza wakaichora kwa namna yao baada ya vita hiyo, na serikali huru za Tanzania, Rwanda na Burundi zikaichora tena. Wahangaza na Washubi wa Ngara wameiona nchi yao ikikatwa kwa kalamu nyekundu katika ramani za watu wengine, lakini garimoshi halijapata kulia katika vilima vyao.

Walioandika habari za reli hii wameshughulika zaidi na upana wa njia, gharama, na shehena itakayopita. Ni wachache waliouliza swali linalomkabili hata mtu mwenye reli ya mfano juu ya meza ya nyumbani kwake, tangu siku anunuapo kichwa cha pili cha treni: je, magari haya yataongozwa kwa njia gani, na ni nani mwenye amri ya kuyaruhusu kwenda? Swali hilo laonekana dogo, nalo sivyo. Katika historia ya Ngara na jirani zake, swali la nani ashike amri ya njia liliwahi kuhamisha mpaka wa nchi na kuwakata watu na mfalme wao.

Yafaa kuanza na Wadachi. Reli yao ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Kigoma mwanzoni mwa 1914. Mwaka huo huo wa 1914 fedha zilikubaliwa kule Berlin kwa ajili ya tawi jipya la karibu kilomita 480, kutoka Tabora mpaka mahali walipopaita goti la Kagera, yaani pale mto unapoacha kwenda mashariki na kugeukia kaskazini, katika nchi ya Rusumo. Sababu yao ilikuwa wazi. Ruanda na Urundi zilikuwa na watu wengi kuliko sehemu nyingine yoyote ya koloni lao, na tangu reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, biashara ya nchi za Ziwa ilikuwa ikivutwa kuelekea Mombasa. Vita ilipozuka, kazi ya tawi hilo ilikoma. Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora, na reli ya goti la Kagera ikabaki makaratasi.

Katika mapatano ya Milner na Orts ya tarehe 30 Mei 1919, Ruanda na Urundi ziliachiwa Ubelgiji, ila Waingereza walitaka wakatiwe kipande cha mashariki ya Ruanda kiitwacho Kisaka, ng'ambo ya Kagera. Hawakukitaka kwa sababu ya ng'ombe wake wala mashamba yake. Walitaka njia ya kupitishia reli, ile iliyoota katika vichwa vya watu wa siku zile, ya kutoka Rasi ya Tumaini Jema mpaka Kairo, ipite yote katika ardhi iliyo chini ya bendera moja. Waingereza wakakishika kipande hicho mwaka 1922. Mwami Yuhi Musinga alilalamika kwamba amenyang'anywa sehemu ya ufalme wake, na Askofu Léon Classe akaandika na kusema kwa wakubwa wa Ulaya mpaka jambo likafika Shirikisho la Mataifa. Mwishoni mwa 1923 Kisaka kikarudishwa. Reli haikupita Kisaka wala Ngara. Waingereza walijenga tawi la Tabora mpaka Mwanza, likafunguliwa mwaka 1928, nalo ndilo linalopita Isaka.

Hapo pana jambo la kutafakari. Je, ilikuwa lazima nchi ikatwe ili treni ziweze kuongozwa? Jibu lapatikana katika ufundi wenyewe, nao wahitaji kuelezwa kwa kirefu kidogo.

Reli nyingi za Afrika Mashariki ni za njia moja: treni ya kwenda na treni ya kurudi hutumia vyuma vile vile, nazo hupishana stesheni tu. Hatari yake haihitaji maelezo. Hapo kwanza Waingereza kwao walitegemea ratiba na simu ya maandishi: steshenimasta mmoja humwuliza mwenzake kama njia ni tupu, naye hujibu. Mnamo Septemba 1874, pale Thorpe karibu na Norwich, ujumbe wa simu uliotumwa kwa makosa uliziruhusu treni mbili kuingia katika njia moja, zikakutana uso kwa uso usiku wa mvua, na watu zaidi ya 20 wakafa. Fundi mmoja jina lake Edward Tyer aliyafikiri maafa hayo, na mwaka 1878 akatoa mtambo wake wa vibao. Kila stesheni ina sanduku lenye vibao vya chuma, na masanduku mawili ya stesheni zinazofuatana yameunganishwa kwa umeme. Kibao kimoja kikitolewa, masanduku yote mawili hujifunga, na hakuna kingine kiwezacho kutoka mpaka kile cha kwanza kirudishwe katika mojawapo ya masanduku hayo. Dereva asiye na kibao mkononi hana ruhusa ya kupita. Wengine walitumia vijiti badala ya vibao, na penye uchache wa mitambo ikatumika hati ya kibali iliyoandikwa kwa mkono baada ya stesheni mbili kukubaliana kwa simu. Lakini kanuni ni ile ile: sehemu moja ya njia, treni moja, alama moja ya ruhusa.

Uzuri wa mtambo wa Tyer ni kwamba hauna bendera. Masanduku mawili huweza kuwekwa mmoja huku na mwingine kule ng'ambo ya mto, na steshenimasta wa Kiingereza akakabidhiana njia na steshenimasta wa Kibelgiji bila ya mmoja kumtawala mwenzake. Reli za Ulaya zilikuwa zikivuka mipaka ya falme zilizochukiana kabisa. Kwa hiyo dai la 1919 halikutoka kwa mafundi. Lilitoka kwa wanasiasa walioifananisha amri ya njia na amri ya nchi, na ufundi ukafanywa kisingizio.

Sasa tuitazame reli ya mezani, maana historia yake yaonyesha mabadiliko haya kwa udogo, kama kioo cha mkononi. Katika reli za mfano za zamani umeme hupita katika vyuma vyenyewe: ukiongeza nguvu, kila kichwa kilicho juu ya vyuma hivyo hukimbia, na ukipunguza, vyote hupungua. Mwenye vichwa viwili hana budi kuikata njia yake vipande vipande na kukipa kila kipande swichi yake. Hivyo huongoza kipande cha njia, haongozi treni. Ni ndugu wa kibao cha Tyer. Katika miaka ya 1980 ukaja utaratibu wa kidijiti. Kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilitoa wake, na fundi mwingine wa huko huko, Bernd Lenz, akabuni mwingine. Umeme hubaki katika vyuma wakati wote, na pamoja nao hupita amri zilizoandikwa kwa tarakimu. Kila kichwa cha treni kina kijimtambo ndani yake chenye namba yake, nacho hutii amri iliyotajwa namba hiyo na kuziacha nyingine zipite. Katikati ya miaka ya 1990 chama cha wapenzi wa reli za mfano cha Marekani kiliufanya utaratibu uliotokana na ule wa Lenz kuwa kanuni ya wote, ili kichwa kilichotengenezwa na huyu kiweze kutii mtambo uliotengenezwa na yule. Märklin wakaendelea na lugha yao. Mpaka leo anayechagua mtambo kwa reli ndogo ya mezani huanza kwa kuuliza unasema lugha gani, kisha ndipo auulize bei.

Ila mgeni wa michezo hiyo hupatwa na mshangao mmoja. Hudhani kwamba kwa kuwa kila treni sasa yamsikia peke yake, basi hazitagongana. Zitagongana sana tu. Kuamuru ni jambo moja, kulinda ni jambo jingine. Mtambo wa kidijiti hupeleka amri, lakini haujui treni iko wapi mpaka njia itiwe vifaa vya kuhisi na kukatwa tena vipande kama zamani. Kibao cha Tyer hakikuweza kuamuru kitu, lakini kililinda.

Mitambo mikubwa ya leo hujaribu kuyaunganisha mambo hayo mawili. Reli mpya ya Tanzania ya upana wa kawaida, milimita 1,435, ambayo ujenzi wake ulianza 2017 na treni zake za umeme zikaanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, kisha hadi Dodoma Julai ya mwaka ule, yaongozwa kwa utaratibu wa Ulaya wa daraja la pili. Kituo kikuu cha mitambo hujua vipande vilivyo na treni, na kwa redio humpelekea kila dereva ruhusa yake mwenyewe: waweza kwenda mpaka hapa, kwa mwendo huu. Vifaa vilivyofungwa kati ya mataruma huikumbusha treni mahali ilipo. Dereva akipitiliza, mtambo hufunga breki. Kijiti hakishikwi tena mkononi. Kimekuwa ujumbe wa redio. Kenya, iliyofungua reli yake mpya ya Mombasa hadi Nairobi Mei 2017, ilifuata kanuni za Kichina, hivyo ndugu wawili wa jumuiya moja wana reli za upana mmoja zilizojengwa kwa kanuni mbili. Neno hili lilistahili mjadala mkubwa kuliko uliofanyika.

Hata hivyo hakuna mtambo uondoao hatari zote, na Watanzania walijifunza hilo kwa msiba. Tarehe 24 Juni 2002, katika Mkoa wa Dodoma, treni ya abiria iliyosimama Msagali kwa ubovu wa breki ilianza kurudi nyuma mteremkoni bila ya kuzuilika, ikaenda kuigonga treni ya mizigo pale Igandu, na watu 281 wakapoteza maisha. Kibali cha kuingia katika kipande cha njia hakina nguvu juu ya mabehewa yanayorudi yenyewe. Mtambo wa kisasa huweza kuihisi treni inayorudi na kufunga breki zake, lakini breki ikiwa haipo, redio haitaiumba.

Turudi Ngara. Katika mipango ya miaka ya 2000 reli ilikusudiwa kutoka Isaka mpaka Keza, wilayani Ngara, na hapo igawanyike: tawi moja liende Kigali kupitia Rusumo, jingine Gitega na Musongati katika Burundi. Keza kingekuwa kituo cha mgawanyiko wa nchi tatu. Mwaka 2018 Marais wa Tanzania na Rwanda walikubaliana juu ya njia ya Isaka hadi Kigali. Burundi, kwa upande wake, ilichagua kupitia Uvinza, na mwaka 2025 kazi ya njia hiyo ya kusini ikazinduliwa. Ngara ikapoteza nusu ya njia panda yake kabla ya taruma la kwanza kulazwa.

Ikijengwa hiyo iliyobaki, uchaguzi wa mtambo hautakuwa wa mafundi peke yao. Njia ya treni chache kwa siku yaweza kuongozwa kwa mitambo myepesi na ya bei ndogo, na wapo watakaoshauri hivyo kwa haki. Lakini treni itakayotoka Dar es Salaam ikiongozwa kwa redio haiwezi kufika Isaka na kuanza kudai kibao bila ya kupoteza saa na kuongeza makosa. Na Kigali nako patakuwa na kituo cha amri, ama hapatakuwa na kitu ila vipokezi vya amri za Tanzania. Utaratibu wa Ulaya umelifikiria jambo hili: vituo viwili vya redio hukabidhiana treni ikiwa bado yakimbia, kila kimoja kikishika ruhusa ya upande wake. Umeme si kizuizi hapo, kwa maana mtambo wa maji wa Rusumo wa megawati 80 tayari wagawiwa nchi tatu.

Makabidhiano ya namna hiyo si mageni kwa watu wa Rusumo. Tangu Aprili 2016 kituo cha pamoja cha forodha kimefunguliwa rasmi pande mbili za daraja jipya, na maafisa wa Tanzania na wa Rwanda huketi chini ya paa moja, lori likakaguliwa mara moja badala ya mbili. Malori hayo hupanda kutoka Nyakanazi na Lusahunga, katika Biharamulo, yakiwa na makontena ya Kigali, hupinda vilima vya Ngara kwa gia ndogo, na dereva wa kila moja huamua mwenyewe ni wakati gani wa kumpita mwenzake kwenye kona.