Hitilafu juu ya Uungu wa Masihi: Louisville, Buffalo na Columbus

Tangu Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325, ambapo maaskofu walikutana kumhukumu Ario, kasisi wa Aleksandria aliyefundisha kwamba Mwana aliumbwa na kwa hiyo alikuwa na mwanzo, Wakristo wengi wamedhani kwamba shauri la uungu wa Masihi lilikwisha katwa na kufungwa. Lakini shauri linalokatwa kwa amri ya baraza na kulindwa kwa nguvu ya dola halikomi katika nyoyo za watu. Hufufuka kila wanapopata Maandiko katika lugha yao na idhini ya kuyasoma pasipo hofu ya hakimu wala askari. Hivyo ndivyo ilivyotokea Marekani, ambako katiba, kwa marekebisho ya mwaka 1791, iliikataza serikali kuu kuweka dini ya taifa. Na katika miji mitatu, Louisville kando ya mto Ohio, Buffalo penye ziwa Erie, na Columbus, makao makuu ya jimbo la Ohio, twaweza kufuata mwendo wa hitilafu hiyo kongwe kwa muda wa zaidi ya karne moja.

Chimbuko lake katika upande wa Louisville ni mashamba ya Kentucky. Mwezi wa Agosti 1801, maelfu ya watu walikusanyika Cane Ridge kwa ibada kubwa ya uamsho, na mwenyeji wao, Barton Stone, mchungaji wa Kipresbiteri, miaka mitatu baadaye aliungana na wenzake kuivunja jumuiya yao ya kikanisa, wakakataa kila jina isipokuwa jina la Wakristo. Mwaka 1814 Stone alitangaza kwa maandishi kwamba hakuiona itikadi ya Utatu katika Biblia: Baba peke yake ndiye Mungu mkuu, na Mwana, ingawa alitoka kwake kabla ya ulimwengu, hakuwa sawa naye katika umilele. Alexander Campbell, kiongozi wa kundi jingine lililofanana na lake, alishindana naye kwa hoja katika majarida, kwani yeye aliushika uungu wa Neno. Hata hivyo, tarehe 1 Januari 1832, wafuasi wa pande hizo mbili walipeana mikono mjini Lexington, baada ya John Smith, aliyesema kwa ajili ya upande wa Campbell, kuwashauri watu wamtaje Masihi kwa maneno ya Maandiko yenyewe na kuziweka kando istilahi za maulamaa.

Mwaka uliofuata akafika Louisville kijana aliyehitimu Harvard, James Freeman Clarke, kuwahudumia Waunitariani, yaani Wakristo wanaosadiki kwamba Mungu ni nafsi moja na kuikana itikadi ya Utatu. Jarida lao la Western Messenger, lililokuwa limeanzishwa Cincinnati, lilihamia Louisville mwaka 1836 chini ya uhariri wake. Na miongoni mwa rafiki zake alikuwamo George Keats, mfanyabiashara wa mji huo na ndugu wa mshairi John Keats, ambaye alimpa Clarke maandishi ya marehemu ndugu yake ayachapishe. Hivyo, katika mji wa bandari ya mtoni, kati ya maghala na masoko ya watumwa, wasomaji wachache walisoma jarida moja lenye ushairi na hoja juu ya cheo cha Masihi.

Mtihani mzito zaidi wa Louisville ulikuja mwaka 1879, katika chuo cha theolojia cha Wabaptisti wa Kusini kilichokuwa kimehamia huko miaka miwili kabla. Crawford Toy, mwalimu wa Kiebrania aliyepata sehemu ya elimu yake Berlin, aliandika kwamba mtumishi wa mateso anayetajwa katika Isaya 53, kwa maana ya kwanza ya maneno ya nabii, alikuwa taifa la Israeli. Kwa waumini waliozoea kuiona sura hiyo kuwa bishara ya wazi kabisa ya Masihi, kauli hiyo ilikuwa kama kung'oa nguzo ya nyumba, na Toy, ambaye tayari alikuwa akishukiwa kwa mafundisho yake juu ya wahyi wa Biblia, alijiuzulu. Wenzake James Boyce na John Broadus walimsindikiza hadi stesheni ya reli, na huko Boyce, akimkumbatia, alimwambia kwamba angekuwa radhi mkono wake ukatwe lau Toy angeweza kurudi pale alipokuwa miaka mitano nyuma. Mwaka 1880 Toy akaanza kufundisha Harvard. Walitengana kwa itikadi, wala hapakuwa na chuki baina yao.

Buffalo ilizihifadhi itikadi zilizo kinyume kabisa katika mji mmoja. Huko Millard Fillmore, mwanasheria aliyekuja kuwa rais wa Marekani mwaka 1850, alikuwa mmoja wa waumini wa mwanzo wa kanisa la Waunitariani, na mwezi wa Februari 1861 alimchukua Abraham Lincoln, aliyekuwa njiani kwenda kuapishwa, wakaabudu pamoja katika kanisa hilo. Lakini mji huohuo ulikuwa makao ya Walutheri walioikimbia Prussia pamoja na mchungaji wao Johannes Grabau mwaka 1839, kwa sababu mfalme aliwalazimisha kuungana na madhehebu nyingine. Nao waliishika kanuni ya Nikea, inayomkiri Mwana kuwa Mungu kweli, kwa uthabiti wa watu waliokwisha kuigharimia.

Columbus ndiyo iliyoshuhudia jambo la ajabu kupita yote. Mwaka uleule wa 1879 Toy alipoondoka Louisville, jarida la Mnara wa Mlinzi lilianza kutolewa Pennsylvania na Charles Taze Russell, na wafuasi wake, walioitwa Wanafunzi wa Biblia, walifundisha kwamba Yesu ni kiumbe wa kwanza wa Mungu. Mwezi wa Julai 1931 walifanya kusanyiko lao Columbus, na tarehe 26, wakiongozwa na Joseph Rutherford, walijitwalia jina la Mashahidi wa Yehova kutokana na Isaya 43:10. Katika mji huohuo na mwaka huohuo, wajumbe wa jumuiya nne za Wapentekoste wa Umoja walikutana kutafuta muungano, nao itikadi yao ni kwamba Yesu ndiye Mungu yule mmoja, mzima, aliyejidhihirisha katika mwili, na kwamba ubatizo uwe kwa jina lake.

Makundi haya mawili yote yaliukataa Utatu, na yote yalianzia Kumbukumbu la Torati 6:4, penye tangazo la umoja wa Mungu. Mashahidi walitoa dalili katika Yohana 14:28, ambapo Yesu anamtaja Baba kuwa mkuu kuliko yeye, na Wakolosai 1:15, anapoitwa mzaliwa wa kwanza. Wapentekoste wakajibu kwa Yohana 10:30, anapojitaja kuwa mmoja na Baba, na Wakolosai 2:9, pasemapo kwamba utimilifu wa Uungu umo ndani yake. Wenye Utatu nao husema kwamba itikadi yao ilizaliwa kwa haja ya kuzishika aya zote hizo pamoja bila ya kuitupa hata moja.

Mafundisho ya pande zote hizo yamekwisha fika Afrika Mashariki, na Mnara wa Mlinzi husomwa kwa Kiswahili. Basi msomaji atakayebishiwa hodi na mhubiri, au atakayejadiliana na jirani Mwislamu juu ya Isa bin Mariamu, na aufuate mfano wa waliopeana mikono Lexington na waliokumbatiana katika stesheni ya Louisville: azisome kwanza zile aya zinazompinga, ajibu kwa dalili, wala asimhesabu kuwa adui mtu aliyeipenda haki kiasi cha kuisumbukia.