Mchuzi wa nyama wa Kihungaria katika jiko la halali

Kila nikitaja kwamba nyumbani kwangu hupikwa mchuzi wa nyama wa Kihungaria, huulizwa kwanza: ni halali huo? Swali ni la haki. Wahungaria kwa asili hukaangia vitunguu mafuta ya nguruwe, na wapishi wengine hutia mvinyo mwekundu. Lakini chakula hiki hakisimami juu ya hivyo. Kinasimama juu ya vitunguu vingi na paprika, yaani unga wa pilipili nyekundu tamu isiyowasha.

Tuanze na jina. Kwa Wahungaria, gulyás ni supu. Neno lenyewe maana yake ni mchunga ng'ombe, kwani wachungaji ndio walioipika machungani. Mchuzi mzito, ambao mataifa mengine huuita gulashi, wenyewe huuita pörkölt.

Pilipili asili yake ni bara la Amerika. Wahungaria wa zamani waliiita pilipili ya Kituruki, maana waliijua zama za Dola ya Uthmaniya, iliyoushika mji wa Buda tangu 1541 hadi 1686. Leo miji inayosifika kwa paprika ni Szeged na Kalocsa. Ukiona pakiti imeandikwa "édesnemes", hiyo ndiyo ile tamu.

Mahitaji ya watu watano:
- Nyama ya ng'ombe ya mguu, kilo 1, vipande vikubwa
- Vitunguu maji vikubwa 4, vilivyokatwa vidogo vidogo
- Mafuta ya kupikia, vijiko vikubwa 3
- Paprika, vijiko vikubwa 3
- Vitunguu thomu, punje 2
- Nyanya 1 na pilipili mboga 1
- Kisibiti, nusu kijiko cha chai
- Chumvi

Kaanga vitunguu kwa moto mdogo, kama dakika 15, mpaka vilainike kabisa. Kisha epua sufuria. Hapa ndipo penye siri: paprika ina sukari, ikikutana na mafuta ya moto huungua na kuwa chungu. Itie sufuria ikiwa chini, koroga, mimina maji kidogo mara moja, ndipo urudishe motoni.

Tia nyama na chumvi, geuza mpaka ibadilike rangi. Ongeza thomu, kisibiti, nyanya na pilipili mboga, kisha funika. Acha iive polepole kwa saa 2 hadi 2 na nusu. Maji tia kidogo kidogo, yakikauka tu. Nyama iive kwa maji yake yenyewe. Usitie unga wa kuzidishia uzito, vitunguu vyatosha kwa kazi hiyo.

Sisi watu wa Pwani mkono hutuwasha kutia bizari, tangawizi au tui la nazi. Hapa jizuie. Ukivitia utapata mchuzi mtamu, lakini si pörkölt tena. Samli pia ina harufu yake, ndiyo maana mimi hutumia mafuta ya kawaida.

Wahungaria huula kwa nokedli, vitonge vidogo vya unga wa ngano na mayai vilivyochemshwa, au kwa viazi, na achari ya matango pembeni.

Ukiupata mchuzi huu hotelini au ugenini, uliza kwanza nyama ilichinjwaje na umekaangwa kwa mafuta gani. Jikoni kwako jibu unalo mwenyewe: mafuta umeyabadilisha, na pörkölt imebaki pörkölt.