Historia ya Neno "Act" na Visawe Vyake

Katika kazi ya kusanifu istilahi, maneno yanayotutatiza mara nyingi si yale mageni, bali ni yale mafupi ya kila siku. Mfano mmoja ni neno la Kiingereza "act", ambalo mwanafunzi hufundishwa mapema kwamba maana yake ni "tendo".

Asili yake ni kitenzi cha Kilatini "agere", yaani kuswaga, kuendesha au kutenda. Kutokana nacho Warumi walipata "actum", jambo lililokwisha kutendwa. Na wingi wake, "acta", ulitumika pia kwa kumbukumbu zilizoandikwa za mambo hayo. Waingereza walilipokea neno hilo kwa njia ya Kifaransa na Kilatini, na maana hizo mbili zikaendelea. Ndiyo sababu uamuzi wa Bunge lao, ulioandikwa na kuhifadhiwa, uliitwa kwa jina la tendo.

Kiswahili hakikulazimika kufuata njia hiyo. Katika Biblia tunasoma Matendo ya Mitume. Lakini "act" ya Bunge ni sheria, neno tulilolipata katika Kiarabu. Anayeshika nafasi ya mkubwa wake kwa muda hatumwiti mtendaji bali kaimu, neno la Kiarabu pia, ambalo kwa asili ni "anayesimama". Aliye jukwaani huigiza. Baraza la Kiswahili la Taifa lenyewe, mwaka 1967, liliundwa kwa Sheria Na. 27, wala si kwa Tendo Na. 27.

Hata hivyo, kazi haijakwisha. Tangu mwaka 2021, Bunge la Tanzania lilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, mfasiri hana budi kulikabili neno hilo katika vifungu vya makosa ya jinai. Katika sheria zenye asili ya Kiingereza, mara nyingi "act" hujumuisha pia kuacha kutenda lililompasa mtu. Mlezi asiyempa mtoto chakula hadi akafa hakuinua mkono, lakini ana la kujibu. Je, "kitendo" pekee kinabeba maana hiyo? Kwa msikilizaji wa kawaida hakibebi. Twaona ni salama zaidi kuandika "kutenda au kuacha kutenda", ijapokuwa ni maneno manne mahali pa moja.

Istilahi hupimwa kwa kazi inayoifanya, wala si kwa ufupi wake. Mahakamani, neno pungufu laweza kumkosesha mtu haki yake.