Rufaa ya Mtoto kutoka Shinyanga: Historia ya Kungoja

Katika Shinyanga na Geita, kumngojea daktari bingwa wa watoto, yaani daktari aliyebobea katika maradhi ya watoto, kulikuwa suala la umbali kabla ya kuwa suala la foleni. Hospitali ya misheni ya Kolandoto, iliyoanzishwa mwaka 1913 karibu na mji wa Shinyanga, iliwahudumia wajawazito, watoto na wagonjwa wa ukoma, na mgodi wa almasi wa Mwadui, ulioanza mwaka 1940, nao ulikuja kuwa na hospitali yake; lakini hizo zilikuwa hospitali za tiba ya jumla. Nchi, wakati huo Tanganyika, ilipata uhuru mwaka 1961 ikiwa na madaktari wazalendo wachache mno, na shule ya udaktari ya Dar es Salaam ilifunguliwa mwaka 1963 tu.

Mambo yalibadilika mwaka 1971, Kanisa Katoliki lilipofungua Hospitali ya Bugando jijini Mwanza, ambayo serikali iliitaifisha mwaka uliofuata na kuirejesha kwa maaskofu mwaka 1985, ikibaki hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa. Rufaa ni utaratibu wa kumpandisha mgonjwa kutoka zahanati hadi kituo cha afya, hospitali ya wilaya, ya mkoa na hatimaye ya kanda; kila ngazi, pamoja na faida yake, ina benchi lake la kusubiri. Uchangiaji wa gharama ulipoanza mwaka 1993, watoto wa chini ya miaka mitano walisamehewa malipo, ila msamaha huo haukugusa nauli wala malazi ya mama, na hapo ndipo familia nyingi zilipokwama.

Mfano ulio wazi zaidi ni selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu ambao umeenea sana Kanda ya Ziwa na ambao haukubali kutibiwa mara moja ukaisha. Mama hutunza daftari la kliniki lililoandikwa tarehe ya kurudi, na kwa kuwa kliniki za kibingwa huwa na siku zake maalumu, anayekosa basi la alfajiri hachelewi saa chache, bali hukosa zamu nzima. Kwa watoto wenye mdomo sungura, yaani mdomo uliopasuka tangu kuzaliwa, kusubiri kulikuwa kwa namna nyingine: wengi walifanyiwa upasuaji na madaktari wa kujitolea kutoka Australia, kwa ufadhili wa Mgodi wa Dhahabu wa Geita, hivyo kalenda ya mtoto ikafuata safari ya wageni.

Geita ilifanywa mkoa mwaka 2012, na mwaka 2021 Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Chato ikaanza kutoa huduma mkoani humo, jambo lililowapunguzia njia watu wa upande huo kuliko wa wilaya ya Kishapu, Shinyanga. Tangu mwaka 2024 kambi za madaktari bingwa wa Rais Samia zimegeuza mwelekeo, bingwa akimfuata mtoto katika hospitali ya halmashauri kwa siku chache, muda unaotosha kuugundua ugonjwa kama selimundu, ingawa hautoshi kuufuatilia.