Uhalisia pepe katika ufundishaji wa anatomia

Uhalisia pepe katika ufundishaji wa anatomia ni matumizi ya miwani ya kompyuta inayomwonyesha mwanafunzi mwili wa binadamu kana kwamba umesimama mbele yake. Vihisi hufuata mwendo wa kichwa, na picha hubadilika papo hapo. Mwanafunzi huweza kuuzunguka moyo uliokuzwa hadi kumpita kimo, akaingiza kichwa katika ventrikali ya kushoto na kuitazama vali ya mitrali kwa chini, jambo lisilowezekana mezani penye maiti.

Baadhi ya miili hiyo si ya kubuni. Mwaka 1994 Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ilitoa picha za mwanamume aliyegandishwa kisha kukwanguliwa milimita moja baada ya nyingine, jumla vipande 1,871. Za mwanamke zilifuata 1995, kwa vipande vyembamba mara tatu zaidi. Mwanamume huyo, Joseph Paul Jernigan, alikuwa mfungwa aliyeuawa Texas mwaka 1993 kwa hukumu ya mahakama. Ndiyo maana mradi huo wa picha umezua mjadala wa maadili.

Chuo Kikuu cha Case Western Reserve, Cleveland, kimetumia programu ya HoloAnatomy kwa miwani ya HoloLens, ambayo haizibi macho: kiungo huelea katikati ya chumba halisi, na mwalimu na wanafunzi hukizunguka pamoja. Korona ilipofunga madarasa mwaka 2020, wanafunzi 185 wa mwaka wa kwanza waliendelea na somo wakiwa nyumbani.

Hata hivyo, sifa za teknolojia hii hutiwa chumvi. Mwaka 2017 watafiti wa Australia waliwafundisha watu 59 anatomia ya fuvu, wengine kwa miwani na wengine kwa tableti. Alama hazikutofautiana kwa kiasi cha maana, ila waliovaa miwani ya kuziba macho walilalamika zaidi kuumwa kichwa, kizunguzungu na kuona ukungu.

Tena miwani haina mguso. Mkono haujifunzi ugumu wa kano wala ulaini wa mapafu, na mwili wa kompyuta ni uleule kwa kila darasa, ilhali maiti huja na kovu la upasuaji wa zamani au ateri iliyochepuka pasipotarajiwa. Kwa fuvu, kielelezo cha plastiki chatosha. Miwani hufaa zaidi kwa vilivyofichika, kama vyumba vya moyo na njia za neva zitokazo ubongoni.